Nyuma ya Mkanda wa Kaka

Andong, 3 Juni 1985

Kwa Kaka Gil-su, kuruta, huko milimani kaskazini,

Nimekuandikia mara mbili kwa upole na hukujibu. Barua hii ya tatu siiandiki kwa upole.

Ya nyumbani ni haya: mama anakohoa kidogo, baba hakohoi ila analalamika zaidi ya mama, na miche ya mpunga imekwisha kupandikizwa. Sasa nakuja kwenye langu, na langu ni lile lile.

Juzi Jumamosi, kwenye mazoezi ya taekwondo, nimesimama tena mstari wa pili. Mbele yangu ni migongo ya wenye mikanda myeusi, nyuma yangu ni watoto waliotoka kunyonya jana. Mkanda wangu mwekundu, hatua moja tu kabla ya mweusi, umechakaa hadi penye fundo umekuwa wa waridi. Ni miaka minne, Kaka. Mimi na wewe tuliufunga siku moja. Tangu hapo nimejifunza kila mfuatano wa mapigo ambao mtu wa mkanda mwekundu anapaswa kuujua, na mingine miwili asiyopaswa. Wewe katika muda huo umeitwa kwenye mtihani wa mkanda mweusi mara mbili. Mara ya kwanza ulipitiwa na usingizi. Mara ya pili uliangua kicheko katikati ya mfuatano kwa sababu nzi alitua kwenye upara wa mtahini.

Wewe ulicheka, mimi nikalipa. Unaijua kanuni ya Mwalimu Eom kama ninavyoijua: katika ukumbi wake, mdogo hapandi mkanda mweusi kabla ya mkubwa wake wa tumbo moja, kama vile nyumbani binti mdogo asivyoolewa kabla ya dada yake. Nilimwendea tena.

"Mwalimu, naomba mtihani wa Oktoba."

"Kaka yako ana mkanda gani?"

"Mwekundu."

"Basi na wewe una mwekundu."

"Mwalimu, miguu yangu haijui kama nina kaka."

"Miguu haijui. Ukumbi unajua. Kafagie."

Nikafagia. Nilifagia nikijiuliza ni nani aliyetunga sheria kwamba mtu akitangulia kuzaliwa miaka miwili basi amekabidhiwa ufunguo wa mlango ambao yeye mwenyewe hana haja ya kuupita. Swali hilo nimeliandika kwa herufi za kimo cha mkono na kulibandika kwenye ukuta wa chuo. Lilidumu saa tatu kabla ya kuchanwa.

Nasikia jeshini kila askari asiye na mkanda mweusi hufundishwa hadi aupate, apende asipende. Kaka, kwa mara ya kwanza maishani mwako huna mahali pa kulala wala nzi wa kumcheka. Faulu. Sikuombi unipende, nakuomba unipishe.

Mdogo wako,
Jeong-rye

*

Kikosini, 21 Juni 1985

Mdogo wangu mwenye hasira,

Barua zako zote tatu zilifika. Sikujibu kwa sababu hapa kuna nafasi ya kula, kukimbia na kukemewa, na ya kuandika huja ikibaki. Jambo moja nakusihi: habari za mabango ya chuoni usiniandikie. Karani wa kombania hufungua kila barua, na yako huisoma kwa sauti mezani kwa sababu anasema unaandika kama redio. Kombania nzima inakufahamu. Wanakuita Afande Dada. Nikichelewa kupanga mstari wananiambia, "Tutakushtaki kwa Afande Dada."

Mkanda mweusi ni kweli. Kila jioni baada ya kazi tunafanya mazoezi ya taekwondo, sisi kumi na tisa tusio nao. Nilidhani mkanda wangu mwekundu wa nyumbani utanipa heshima. Koplo Byeon aliniuliza, "Mwekundu wa wapi?" Nikasema wa Andong, kwa Mwalimu Eom. Akasema, "Andong kuna makaburi tu. Kaa chini, tanua miguu."

Miaka minne ya kukalia kiti imenigeuza ubao. Wananisaidia kupiga msamba, kutanua miguu hadi ilale sakafuni. Wana njia zao. Usijali, hata ubao ukiloweshwa hupinda.

Mtihani ni mwishoni mwa Agosti. Mwambie mama chakula kinatosha. Mwambie baba nimeacha kucheka hovyo.

Kaka yako,
Gil-su

*

Andong, 2 Julai 1985

Kaka,

Nimeisoma barua yako mbele ya Mwalimu Eom. Niliisoma nimesimama, mikono imeshikana, kama alivyotufundisha, na nilipofika kwenye makaburi nikaliruka neno hilo. Kisha nikamuuliza waziwazi, mbele ya Bwana Cheon wa kinu cha mpunga na wazee wengine wawili waliokuwa wakinywa chai, ili asije akasema hakusikia.

"Kaka akiupata mkanda mweusi jeshini, utauhesabu?"

"Wa jeshini," akasema Bwana Cheon, "hutolewa kama viatu."

"Sikukuuliza wewe, mzee wangu."

Mwalimu alikunywa chai yake yote, akageuza kikombe, akasema, "Mkanda ni mkanda. Gil-su akiwa nao, wewe utaingia mtihani wa tarehe ishirini Oktoba."

"Kweli, Mwalimu?"

"Nimewahi kukuambia la uongo?"

Hajawahi, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Mtu akikudhulumu kwa uongo unaweza kumfichua. Huyu hunidhulumu kwa ukweli mtupu, mchana, huku akinimiminia chai.

Basi sasa tuna tarehe. Kila siku ninaamka alfajiri na kupiga mateke mia mbili kwenye gunia la makapi nyuma ya nyumba, hadi mwenye nyumba ananiuliza ni mwanamume gani nimemkasirikia. Namwambia ni wengi. Nasoma, nafundisha watoto wa mstari wa nyuma, nafagia. Mimi nimefanya kila kilicho ndani ya uwezo wangu. Kilichobaki kimo ndani ya mwili wako, na mwili wako ninaujua: ni mwili unaotafuta mto wa kuegemea.

Nakufahamu vilevile unavyokwepa. Utasema kiuno kinauma, utasema goti, utamchekesha koplo hadi akuruhusu kupumzika. Safari hii usimchekeshe. Hao koplo wako waache wakunyooshe. Wakikukalia, waache wakukalie. Maumivu ya jioni moja si kitu mbele ya miaka minne ya dada yako. Ukiona unataka kusema 'basi', kumbuka kuna mtu Andong ambaye amekatazwa kusema 'tayari'.

Afande Dada,
Jeong-rye

*

Kikosini, 30 Agosti 1985

Jeong-rye,

Nimefaulu. Cheti kimetoka, kina jina langu na muhuri. Nimetuma nakala kwa Mwalimu Eom kwa posta ya leo.

Siku hizi nimehamishiwa jikoni. Kazi ni nzuri, namenya viazi nikiwa nimekaa.

Fanya mazoezi yako. Hongera mapema.

Gil-su

*

Andong, 10 Septemba 1985

Kaka,

Nakala imefika. Mwalimu ameitazama mbele na nyuma, akaiweka kwenye droo, akaniambia neno moja: "Jiandae." Miaka minne ilisubiri neno moja, nalo likasemwa na mtu aliyekuwa akitafuta miwani yake.

Nakupongeza. Ningependa kukupongeza bila kinyongo, lakini sijajaliwa unafiki. Wewe umepata kwa wiki kumi na moja kile nilichonyimwa kwa miaka minne, na barua uliyoniandikia kunijulisha ina mistari sita, miwili kati yake ni ya viazi. Hukuniambia watahini walikuwa nani. Hukuniambia ulivunja mbao ngapi. Hata jina la mfuatano uliopangiwa hukulitaja, na unajua kwamba mimi ningelisoma jina hilo mara kumi.

Na sasa, kwa utaratibu wa ukumbi, ukija utasimama mstari wa kwanza na mimi nitauinamia mgongo wako. Vema. Nitainama. Ila nakuomba jambo moja. Ukija likizo ya sikukuu ya mavuno, uje ukumbini ufanye mfuatano wako mbele ya watu. Bwana Cheon anaeneza maneno kwamba mkanda wako ni wa bwaloni. Mfunge mdomo kwa mguu wako, mara moja tu.

Jeong-rye

*

Andong, 3 Oktoba 1985

Pyo Gil-su,

Sikukuaga kituoni kwa makusudi. Nataka ujue sababu, nataka uijue kwa maandishi, na kama karani wako anataka kuisoma mezani na aisome.

Ulikaa nyumbani siku nne. Siku ya kwanza ulisema umechoka na safari. Siku ya pili mama alipika, ukala ukiwa umeegemea ukuta kama bwana mkubwa, mguu mmoja umeunyoosha mbele ya baba. Mbele ya baba, Kaka. Asubuhi ya sikukuu, mbele ya meza ya tambiko la mababu, wanaume wote wa ukoo walipiga magoti na kuinamisha paji la uso hadi sakafuni. Baba mkubwa mwenye miaka sabini na tatu alipiga magoti. Wewe ulisimama ukainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimu mwenye duka. Baba alipokukazia macho ulitabasamu ukasema, "Wenye mikanda myeusi hatupindi." Shangazi alicheka. Baba hakucheka. Hajacheka hadi leo.

Na ukumbini nilikusubiri kwa saa mbili nzima. Watoto niliwavalisha sare safi. Ulifika ukiwa na viatu vya jeshi, ukasimama mlangoni, ukakataa kuvivua. Nikakuomba kwa sauti ya chini, "Kaka, teke moja." Ukaniambia, "Leo sina hamu." Nikakwambia mbele ya wote kwamba mtu aliyepata kitu bila kukitamani hukitumia kama kitambaa cha pua. Uliitikia kwa kichwa. Ungenijibu ningeshukuru. Ungenipiga ningeshukuru. Uliitikia kwa kichwa ukaondoka polepole, ukiyumba kidogo kama baharia, kwa maringo ambayo sikujua umeyaokota wapi.

Siombi radhi. Tarehe ishirini nitapata mkanda wangu, na tangu siku hiyo sitahitaji tena kujua wewe una mkanda gani.

Jeong-rye

*

8 Oktoba 1985

Jeong-rye mdogo wangu,

Barua hii haikupita kwa karani. Anaibeba Maeng, rafiki yangu, aliyemaliza utumishi wake jana. Ataiposti akifika Daegu. Kwa hiyo sasa naweza kuandika.

Sikuyumba kwa maringo.

Hapa msamba hupigwa hivi. Unakaa ukiukabili ukuta, miguu umeitanua. Koplo wawili wanasukuma visigino vyako kwa viatu vyao, mmoja huku na mmoja kule, hadi tumbo liguse ukuta. Wa tatu anakukalia mgongoni ili usirudi nyuma. Mnahesabu pamoja hadi mia. Ukilia, mnaanza upya kutoka moja. Watu wengi hutoka wakichechemea, wiki ya pili wanazoea, wiki ya nne wanapiga mateke juu ya vichwa. Siwalaumu wote. Na wao walifanyiwa hivyo hivyo.

Barua yako ya Julai ilisomwa mezani kama kawaida. Karani alipofika pale penye "waache wakunyooshe," Koplo Byeon aligonga kijiko akasema, "Mmesikia, hata Afande Dada ametoa kibali." Bwalo zima likacheka. Na mimi nilicheka, unanijua. Jioni ile walipofika sabini nilisikia kitu kikikatika ndani ya nyonga, mlio kama wa tawi bichi. Nilisema basi. Hawakuniamini, maana hata wewe ulikwisha kuwaambia kwamba nitasema basi.

Sikuandikii haya ili uumie. Naandika kwa sababu umesema nilisimama mbele ya mababu kwa kiburi. Nilijaribu kupiga magoti usiku wa kuamkia sikukuu, chumbani peke yangu. Nilishuka. Kuinuka ndiko kulikonishinda, nikajivuta hadi kwenye kabati. Nikaona heri baba anione mjeuri kuliko mama anione kilema siku ya sikukuu.

Mtihani sikuufanya. Mguu haukupita kimo cha goti. Lakini kombania ilitakiwa kutimiza idadi, watu kumi na tisa, si kumi na wanane. Koplo alibandua jina langu kifuani akalishona kwenye sare ya Maeng, ambaye ana mkanda tangu mwaka juzi. Maeng alifanya mfuatano kwa jina la Pyo Gil-su. Anasema alifanya vizuri kuliko alivyofanya kwa jina lake.

Zahanati ya kikosi hunipa plasta ya dawa, hunibandika, na kuniambia ni msuli. Nikisema zaidi watauliza niliumia lini, na nikisema lini, cheti kitakufa. Nikaona nivumilie hadi tarehe ishirini ipite. Ukishafunga mkanda wako hakuna wa kukuvua. Halafu nitasema.

Ichome hii. Na siku ya mtihani usifikirie viatu vyangu.

Gil-su

*

Andong, 12 Oktoba 1985

Kwa Mwalimu Eom, kwa heshima,

Naipitisha barua hii chini ya mlango wako kwa sababu nikija mbele yako utaniambia nipige magoti kwanza, nitulize pumzi kwanza, na mimi sina pumzi ya kutuliza.

Mwalimu, kaka yangu hana mkanda mweusi. Cheti kilichomo drooni mwako ni cha mtu mwingine aliyevaa jina lake. Kaka aliumizwa nyonga mwezi Julai katika kupigishwa msamba, mwezi mmoja na zaidi kabla ya mtihani, na hadi leo anabandikwa plasta na kumenya viazi. Alinyamaza ili nisimame mbele yako tarehe ishirini.

Sikuandikii ili nimshtaki koplo peke yake, ingawa ningekuwa na bango la kimo cha nyumba ningemshtaki juu yake. Mtu huyu alisukumwa na viatu vitatu. Kimoja ni cha koplo. Cha pili ni kanuni yako, iliyofanya mguu wa mtu mmoja uwe mlango wa mwingine. Cha tatu ni kalamu yangu. Nilimwandikia awaache wamkalie. Niliandika kwa ufasaha, Mwalimu. Wamenisoma mezani na wakanitii.

Nimekaa siku moja nzima nikitafuta njia ya kupata vyote viwili, mkanda wangu na mguu wake. Nimesoma vitabu vingi kuhusu haki na hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Ombi langu ni hili. Jina la kwanza kwenye ubao wa ukumbi wako ni la Meja Seok, uliyemfundisha tangu akiwa mkanda mweupe. Nasikia yuko makao makuu ya divisheni ile ile. Neno lako kwake litampeleka kaka yangu hospitali ya jeshi kwa siku moja. Langu litaishia kwa karani.

Pyo Jeong-rye

*

Andong, 14 Oktoba 1985

Jeong-rye,

Nimesoma.

Seok atanisikia. Lakini Seok ni mtu wa utaratibu, nami ndiye niliyemfundisha huo utaratibu. Akimtoa Gil-su pale, daktari ataandika siku aliyoumia. Siku hiyo ikiandikwa, mtihani wa Agosti utafutwa. Ukifutwa, Gil-su ana mkanda mwekundu, na wewe unao mwekundu. Na asipoweza kupiga teke tena, unaelewa maana yake katika ukumbi huu.

Nisipoandika, cheti kipo drooni, na kwangu mimi cheti kina muhuri. Jumapili jina lako limo katika orodha. Wiki ijayo ninaweza kuandika kwa Seok vilevile, ila wewe unajua kama nyonga inaweza kungoja au haiwezi. Mimi sijui. Nimeona mifupa iliyongoja.

Kuhusu kiatu cha pili, nimesoma mara tatu. Sina jibu la kukupa kwa maandishi.

Niandike leo, au Jumatatu ijayo?

Eom

*

Andong, 14 Oktoba, jioni

Mwalimu,

Andika leo. Jumapili sitakuja.

Jeong-rye

*

Hospitali ya jeshi, 17 Novemba 1985

Jeong-rye mdogo wangu,

Wamenipasua. Kulikuwa na kipande cha mfupa kilichong'olewa na msuli, na kilikuwa kimeanza kushika mahali pasipo pake. Daktari ni kijana mwenye hasira kama zako. Alimuuliza aliyenileta, "Huyu mmemweka jikoni miezi mitatu ili aive?" Anasema ningengoja wiki nyingine tatu angekata zaidi. Nitatembea. Huenda nikachechemea siku za baridi. Mateke ya juu ya kiuno, niyasahau.

Cheti kimefutwa. Koplo Byeon amehamishiwa kombania nyingine, basi. Najua unasaga meno unaposoma. Saga, lakini usibandike kitu ukutani hadi nivue sare hii. Nimebakiza mwaka na nusu humu.

Mwalimu Eom alikuja. Hukuniambia. Alisafiri kwa basi kwa muda wa saa nane, akaja na kasha la mapeari amelibeba kifuani kama mtoto. Alikaa kwenye kiti. Kisha akafunua blanketi akaukanda unyayo wa mguu wangu, muda mrefu, mbele ya wagonjwa wote. Nilimwambia, "Mwalimu, mguu ulioumia ni ule mwingine." Akasema, "Najua. Huu ndio utakaobeba." Alipoondoka akasimama mlangoni akainama. Aliniinamia mimi. Sijui niliweke wapi jambo hilo.

Usiku nilifikiri, nikapata akili. Nimemwandikia afute jina langu ukumbini kabisa. Nikiwa si mwanafunzi wake, huna mkubwa pale ndani, na huna wa kumngoja. Ni mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kuitunga nikiwa macho. Kanunue mkanda.

Gil-su

*

Andong, 15 Desemba 1985

Kaka Gil-su,

Usinishukuru. Kila barua yako inakaribia kunishukuru na mimi kila nikikaribia hapo nageuza ukurasa. Bado nimekasirika. Nimemkasirikia koplo aliyehamishwa kama samani. Nimekukasirikia wewe uliyedhani kwamba zawadi ni kitu cha kumpa mtu bila kumuuliza kama anakitaka kwa bei hiyo. Ninavyojikasirikia mwenyewe sitaandika, kwa maana nikianza kuandika nitaandika vizuri, na kuandika vizuri ndiko kulikotufikisha hapa.

Mpango wako Mwalimu ameutekeleza. Aliniita. Kibao cha jina lako kilikuwa mezani, kimefutwa vumbi.

"Kaka yako ameomba nimwondoe. Nimemwondoa."

"Basi ukumbini sina mkubwa."

"Ukumbini huna."

"Kwa hiyo mtihani wa Aprili naweza."

Akakigeuza kibao, akakigeuza tena. "Jeong-rye, nimekaa juu ya jambo hili wiki tatu. Kibao kinatoka ukutani. Kaka hatoki tumboni."

"Mwalimu, alilazwa kwa sababu ya kanuni hii."

"Ndiyo."

"Ulisafiri kwa basi kwa muda wa saa nane ukaenda kumwinamia."

"Ndiyo. Na ningeinama tena. Nikiivunja sasa, alivunjika kwa ajili ya nini?"

Nilimjibu kwamba mtu haendelei kujenga ukuta kwa heshima ya waliofia ndani yake. Nilimjibu mengi. Bwana Cheon alikuwepo na safari hii alikuwa akitazama viatu vyake. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, macho mekundu, akanimiminia chai. Sikuinywa. Kama angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimepona siku nyingi.

Niliomba barua ya uhamisho, ili mkanda wangu mwekundu utambuliwe kwingine. Akasema hawezi kuandika kwamba nimekamilisha mafunzo ya ukumbi wake, kwa sababu kwa macho yake sijakamilisha. Nikakunja sare, nikafagia ukumbi, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikatoka.

Ng'ambo ya mto, juu ya duka la mbolea, kuna ukumbi mwingine uliofunguliwa mwaka huu. Anaufundisha mwanamke, Mwalimu Ma, ana miaka thelathini, sauti yake ni ya muuza samaki. Nilimwambia ukweli wote wa mkanda wangu. Akasema bila barua hawezi kuuandika, angependa lakini hawezi, nianze mwanzo. Kutoka mweupe hadi mweusi anahesabu mwaka mmoja na nusu kwa mtu mwenye bidii. Nilitaka kumwambia mwenye bidii ana miaka minne kabla ya huo mmoja na nusu. Sikumwambia. Mstari wa nyuma kabisa, Kaka, nina miaka ishirini na moja, na mtu aliye kulia kwangu hajaota meno ya mbele.

Alikuwa akijaza fomu yangu kwa kalamu isiyotoa wino vizuri. Jina, mwaka, anwani. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Nyumbani kuna mwingine anayefanya mazoezi?"

Nilijua ningeweza kusema hakuna.

"Kaka yangu," nikasema.

"Amefikia hatua gani?"

"Anajifunza kutembea."

Alinitazama, akaona sitanii. Akaandika hivyo hivyo nilivyosema, akafungua kabati, akanitolea mkanda mweupe.

Jeong-rye